Shavu la Tambuu

"Hili nalo ni yai?" aliuliza mwalimu Khoat, miwani ikiwa imemshukia hadi nchani mwa pua.

"Ni yai, mwalimu."

"Mimi naona kiazi kilichofiwa. Rudia."

Diep akarudia. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo ambaye maisha yake yote alishika penseli kwa kuweka alama za mikunjo ya suruali tu, na tangu sikukuu za mwaka mpya zipite alikuwa anachora yai. Kivuli kikiwa chepesi aliambiwa yai linapaa. Kikiwa kizito aliambiwa limechomwa. Alirudi nyumbani na masizi puani, haelewi kama anasonga mbele au anarudi nyuma.

Mzee Khoat alikuwa mchoraji wa picha za marehemu pale mjini Nam Dinh, zile za masizi ya taa zinazowekwa kwenye madhabahu ya nyumbani. Hakuwa na desturi ya kufundisha watu wazima. Alimkubali Diep kwa sababu alimganda mlangoni kama kupe, na kwa sababu shida yake aliielewa.

Mama yake Diep alikuwa amefariki, na picha yake pekee, ile ya kitambulisho, ililiwa na mafuriko. Siku ya kutimiza mwaka ilikuwa inakaribia. Siku hiyo sura ya mama ilipaswa iwe juu ya madhabahu, maana ukoo mzima ungekuja kuiinamia. Mzee mwenyewe alikuwa na mwiko wake: uso asiouona kwa macho yake, au walau kwenye picha, hauchori. Naye Toan, mdogo wake Diep anayeishi Saigon, alishaleta habari kwamba dada asihangaike. Amempata mchoraji hukohuko, amemwelezea mama alivyokuwa, na picha inakuja na rangi zake.

Amemwelezea! Diep alikasirika hadi akajichoma sindano. Wajukuu wampigie magoti mwanamke aliyebuniwa na mtu baki? Liwalo na liwe, atajifunza mwenyewe, hata kama ni kwa mayai.

Baada ya mayai yakaja masikio. Kwenye picha hizo masikio lazima yaonekane yote mawili, sawasawa.

"Marehemu wa sikio moja utamwombaje?" alisema mzee. "Atasikia nusu ya shida zako."

Hatimaye akaruhusiwa uso. Diep hakuwa na cha kutazamia ila kumbukumbu, na kumbukumbu ilimjia kwa urahisi uliomshangaza. Akaweka kilemba cha mahameli. Akaweka midomo iliyofumbwa juu ya meno yaliyotiwa weusi kwa desturi ya zamani. Akaweka lile shavu moja lililovimba kidogo, upande ambao mama aliwekea tambuu miaka nenda miaka rudi, na nyusi moja iliyopanda kuliko mwenzake. Alipomaliza macho, machozi yalimtoka. Mama alikuwa pale, anamtazama.

Akambeba mbiombio kwa mama mdogo Nhan, mdogo wake marehemu, aliyekuwa anachambua mboga uani.

"Mama mdogo, huyu nani?"

Nhan akapangusa mikono. "Kilemba chake. Shavu lake la tambuu, hilo halinipotei." Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Macho nayo yake. Ila mwenyewe hayupo, mwanangu. Huyu ni kama yule binamu yetu wa Thai Binh, yule mchoyo."

"Mchoyo?"

"Nisamehe. Labda pua."

Diep akabadili pua, ikawa mbaya zaidi. Akairudisha. Akapunguza kidevu, akakirudisha nacho. Majirani walioitwa kutazama walisema kila mmoja la kwake, na wote waliishia palepale: kila kitu kipo, mtu hayupo. Yeye kila akiitazama alimwona mama yake waziwazi. Alianza kujiogopa. Je, alikuwa amemsahau mama yake bila kujua, mwaka haujaisha?

Akaenda kumwaga yote mbele ya mwalimu.

"Masizi yamekaa vizuri," alisema mzee. "Kosa silioni."

"Sasa mbona si yeye?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nilimjua?"

"Mwalimu, yai lilipokuwa baya uliniambia baya. Sasa kila kitu kizuri, na bado ni kibaya. Nishike lipi?"

Mzee akakuna kidevu. "Jicho lako limeizoea mno. Nenda kaitazame kwenye kioo. Kosa lililojificha hujitokeza humo."

Chumbani kwa Diep kulikuwa na kabati lenye kioo mlangoni. Akasimama mbele yake, picha ameikumbatia kifuani, uso ukielekea kioo, na alichokiona kilimtisha. Kwenye kioo alikuwepo mwanamke asiyemjua. Shavu, nyusi na kilemba vilikuwa vyake, lakini mtu alikuwa mwingine kabisa.

Nyuma yake ungo ukaanguka, mboga zikatawanyika.

"Dada!" alisema Nhan kwa sauti iliyokatika. Alikuwa amesimama mlangoni, anakitazama kioo. "Dada yangu huyo!"

"Wapi? Huyu?" Diep akageuka, akamwonyesha karatasi.

"Si huyo! Huyo wa ndani! Wa kwenye kioo!"

Diep akatazama karatasi, akatazama kioo, akatazama karatasi tena. Akakaa kitandani. Karibu na mguu wake kilikuwepo kigoda cha mama.

Mikono ya mama ilipoisha nguvu, Diep ndiye aliyemchana nywele kila asubuhi, mama kwenye kigoda mbele ya kabati, yeye nyuma na kitana. Mama hakuwa mtu wa kumkazia mwanawe macho. Mkekani alitazama chungu cha wali, barabarani alitazama barabara. Kwenye kioo tu ndiko alikomtazama, na ndiko alikomwambia yote aliyokuwa nayo moyoni. Uso huo uliogeuzwa na kioo ndio Diep aliouchora, na hakuna mwingine aliyewahi kuuona.

Akairudia picha kwa kuigeuza, karatasi safi juu ya ile ya kwanza, zote zimebandikwa dirishani. Ilikuwa kazi chungu. Kila mstari ulimpeleka mbali na mama. Kwa kuwa hakumjua mwanamke huyu, ilimbidi amtazame kama anavyotazamwa mgeni, kivuli kwa kivuli, bila kubahatisha.

Mzee Khoat alipoiona alivua miwani. "Sasa unachora," alisema.

Diep hakufurahi hata kidogo.

Siku ya kutimiza mwaka Toan aliingia na picha yake kwapani. Akasimama mbele ya madhabahu, kati ya moshi wa ubani, kuku wa kuchemsha na wali wa kunata, akaitazama ile iliyochorwa na dada yake. "Mama," alisema, akapiga magoti. Baadaye Diep alimwona akiisukuma picha ya Saigon chini ya kitanda, uso chini. Ukoo mzima ulilia. Diep mwenyewe aligawa chai, mkavu wa macho, akijiuliza huyu mgeni wanayemlilia ni nani.

Watu walipotoka kusindikizana, Nhan alirudi kuchukua sinia akamkuta Diep katikati ya chumba, ameipa madhabahu mgongo, amekishika kioo kidogo usawa wa uso, kikielekea madhabahu.

"We Diep! Leo hii, unampa mama yako mgongo?"

Diep hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mkono wake mwingine ulikuwa hewani, ukishuka polepole, ukipanda, ukishuka tena, kama unaochana nywele.

"Niache kidogo, mama mdogo," alisema. "Ananitazama."