Sauti ya Kituo cha Nne

Saa tatu na robo asubuhi muuguzi wa utafiti alifuta meza kwa spiriti na kuweka saa ya kuhesabia sekunde upande wa kulia, kama mwongozo ulivyoagiza vituo vyote kumi na kimoja. Akamsomea bibi mmoja, karani mstaafu wa posta, maneno matano: daraja, koti, limau, ngazi, kengele. Baada ya dakika kumi akamwomba ayataje.

"Kijiko," alisema yule bibi. "Umekonda. Huli?"

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyewahi kumwita muuguzi Kijiko, naye ni baba yake, kwa sababu utotoni alikuwa halali bila kijiko mkononi. Mzee huyo alikuwa mshiriki wa utafiti huohuo wa dawa ya ugonjwa wa kusahau, ila Kituo cha Nne, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kanuni ilikataza ndugu wa mfanyakazi kupokelewa kwenye kituo chake, na binti, aliyeitafuta dawa ile kwa kufa na kupona, akamhamishia mzee kwa kaka yake. Ilikuwa miezi minane sasa mzee hamjui binti yake hata kwenye simu.

Muuguzi aliandika sifuri, maana limau halikutajwa wala ngazi. Kisha akampigia kaka yake.

"Baba hajambo," kaka alisema. "Ila siku hizi kutwa anagonga mihuri mezani, na anamfokea mke wangu eti bahasha haina stempu."

"Hayo ni ya huku kwetu," muuguzi alisema.

"Nilidhani hivyo."

Alitoa taarifa makao makuu, kazi ni kazi. Jibu lilikuja kesho yake: vituo vingine vitatu vimeripoti jambo hilo, lijazwe fomu ya kumi na nne, sehemu ya Mengineyo, na alama zisiguswe. Kituo cha Tisa, wajuaji wale, walikuwa wanampa mgonjwa nusu alama akitaja neno la kituo kingine. Walionywa kwa barua.

Basi ikawa kila baada ya wiki nne bibi wa posta anafika, anaweka mkoba magotini, na baba anakohoa kikohozi chake kikavu cha mara mbili. Muuguzi akawa anampa saa nzima badala ya nusu. Alifurahi, na furaha hiyo ilimtia aibu, maana bibi wa watu alikuwa pale kitini na hakuna aliyemuuliza habari zake.

Mwezi wa sita muuguzi alijikaza akauliza lililomkaba siku zote.

"Baba, siku ile uliposaini, ulijua unasaini nini?"

Bibi alitazama mikono yake. "Sikujua."

"Sasa mbona ulisaini?"

"Ulikuwa na haraka, Kijiko. Ulishanishika mkono. Nikaona nisikucheleweshe."

Muuguzi alilia. Kisha akanawa uso kwenye sinki na kumalizia kupima shinikizo la damu, ambalo lilikuwa la kawaida.

Wiki iliyofuata makao makuu yaliongeza utafiti mwaka mmoja. Kila mshiriki alitakiwa kusaini upya, kurasa kumi na tisa, mwisho Ijumaa, na kituo kisichofikisha idadi kingefungwa. Muuguzi alikwishapiga hesabu. Bibi akikataa, kituo kingepungukiwa mtu mmoja, na baba asingekuwa tena na pa kuja.

Mkwe wa bibi alimleta Ijumaa, akabaki mlangoni akichezesha funguo za gari. Bibi alifungua ukurasa wa kwanza akaufuata kwa kidole. Siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe kabisa, kwa sauti yake ya dirishani posta.

"Mwanangu, hii inasemaje?"

Ilikuwa saa sita kasorobo, na wengine wanne walikuwa wanasubiri nje.

"Hapa chini, bibi," muuguzi alisema, akamshika mkono.