Kibodi ya Springi

Wiki nzima fundi na mimi tulibomoa kompyuta kuukuu hadi mikono ikaota sugu. Shangazi yangu, mpiga chapa ambaye macho yake yanafifia, alikuja kutafuta kibodi. Vitufe laini vya kisasa vilimpotezea herufi, na ofisini walimwambia akikosea tena kesho, asirudi.

Nikaokota kibodi nzito ya kijivu.

"Tupa hiyo," fundi akasema. "Plagi yake ya zamani."

Nikabonyeza kitufe, kikalia ka!

"Ina springi!" Shangazi akainuka. "Nilijifunzia kama hiyo."

"Bibi kizee huyo, shangazi!" nikamtania, nikiinua kibodi.

"Na mimi nani, kigoli?"

Fundi akacheka kichovu, akatafuta kiunganishi cha plagi hiyo, akaichomeka kwenye kompyuta nzima. Shangazi akafumba macho, akaandika ukurasa mzima bila kosa. Kisha akalaza kichwa mezani.

"Nibebee, mwanangu. Kesho naenda nayo."