Nyayo za Mtaa wa Tatu

Alhamisi jioni, Teryn Pidhirny alikuwa amepiga magoti mlangoni kwao, akishindilia soksi ndani ya buti za baba yake. Buti zenyewe zilikuwa namba kumi na moja, nyeusi, na kisigino cha kulia kilikuwa na pengo lililokatwa na chuma cha kiatu cha kuchezea hoki ya barafuni. Mguu wa Teryn ulikuwa namba sita. Jozi ya kwanza ya soksi haikutosha, akaongeza ya pili, akaongeza ya tatu, akasimama. Alionekana kama kuku aliyevalishwa ndoo.

"Unaenda wapi na buti za baba'ako?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Maktaba."

"Za kwako zimefanyaje?"

"Zimelowa."

Hazikuwa zimelowa. Zilikuwa zinajulikana tu.

Tangu Novemba, theluji ya mji mdogo wa Kelderby ilikuwa ikianguka kila mahali isipokuwa kwenye nyayo zilizoelekea mlango wa pembeni wa ukumbi wa zamani wa kanisa, Mtaa wa Tatu. Ukikanyaga pale, alama yako inabaki. Upepo wa jimbo la Saskatchewan, ambao huezua maghala ya ngano, haukuzigusa. Mtu wa manispaa alikuja na sepetu, kisha akaja na chumvi, mwishowe akaja na kibao cha kuonya utelezi, akaenda zake kunywa kahawa. Hakuna aliyeumiza kichwa kwa nini nyayo hazifutiki. Walichotaka kujua ni za nani.

Kazi hiyo haikuwashinda. Kelderby ukiegesha pikapu yako mbele ya zahanati asubuhi, mchana mtu atakuuliza mgongo unaendeleaje. Watu wanaojua gari la kila mtu hawawezi kushindwa na soli ya buti. Basi wazee wakawa wanapita pale na vikombe vyao mkononi, wakisoma. Hizi za mtoto wa mwalimu. Hizi za golikipa. Nyingine zilifika nusu ya njia zikageuka. Mojawapo ya zilizogeuka ilikuwa na soli ya Wayne Friesen, mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa barafu. Hizo walizisoma kimya, wakaenda kuongeza kahawa.

Ndani ya ukumbi ule, kila Alhamisi, palikuwa na kikao. Teryn alilikuta tangazo lake kwenye ubao wa maktaba: *Kijana, unajiuliza wewe ni nani, au unampenda nani? Njoo. Chai na biskuti. Hatuulizi jina.* Alilisoma wiki nzima akijifanya anasoma lililobandikwa pembeni yake, lililohusu paka aliyepotea. Alikuwa na miaka kumi na sita na hakuamini hata neno moja. Kwa uzoefu wake, anayekugawia biskuti bure anataka kukuokoa au kukuuzia bima.

Lakini swali lenyewe lilikuwa lake, na hakuwa na pengine pa kulipeleka. Ndipo akafikiria buti za Orest, baba yake. Orest aliendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani, Jumamosi aliwafundisha watoto wadogo kuteleza, akianzia namna ya kuanguka bila kuumia, na mabomba ya mji mzima yakiganda alikuwa anaitwa yeye. Watu wakiona nyayo zake watasema amekwenda kuzibua bomba. Ndivyo Teryn alivyopiga hesabu zake.

Mlangoni pa ukumbi alivua buti kama kila mtu, akaingia na soksi. Alichungulia chini ya meza. Alifunua pazia. Glenda Fast, aliyekuwa dereva wa basi la shule na sasa msimamizi wa kikao, alimwacha amalize.

"Nani anakulipa?" Teryn aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka ule hizi biskuti, mwanangu. Zinakauka."

Kwenye kochi alikuwa amekaa Cody Unrau, golikipa wa timu ya shule.

"Usinikodolee macho hivyo," Cody alisema. "Mimi mwenyewe nilidhani wewe umetumwa."

"Na nani?"

"Sijui. Kamati. Mungu. Mama yangu."

Teryn alikula biskuti moja, upande mmoja kwanza, akasubiri kuona kama atalewa. Alipoona hajalewa alisema, huku anatazama ukuta, kwamba hajui anampenda nani, anachojua ni kwamba si Brody wa darasani kwao.

"Hakuna anayempenda Brody," Cody alisema.

Teryn alicheka. Njiani kurudi alianza kukitilia shaka hata hicho kicheko.

Jumamosi Teryn alikuwa zamu kwenye kantini ya uwanja, anakaanga chipsi. Kupitia dirisha aliwaona watoto wamejipanga na helmeti zao, wakimsubiri Orest. Wayne Friesen alimfikia kwanza.

"Orest bwana. Zile nyayo."

"Nimeziona."

"Buti ni zako?"

Mafuta yalikuwa yanachemka nyuma ya Teryn, hakugeuka. Alichotakiwa baba yake kusema ni kwamba binti yake aliziazima. Angesema hivyo, angebaki na watoto wake wa Jumamosi, na yeye Teryn angekuwa habari ya mji kabla chipsi hazijaiva. Alimkazia macho mdomoni.

"Zangu," Orest alisema.

"Uliingia ndani?"

"Si unaona zimeingia."

"Kufanya nini?"

"Kulikuwa na biskuti."

Wayne alikuna sikio. "Sisi hatusemi kitu. Wazazi ndio wanasema. Hawa ni watoto wadogo, unaelewa. Pumzika kidogo na mazoezi. Mashine endelea nayo, barafu haina neno."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zifutike."

Orest aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwasha mashine.

Jumatatu, baada ya shule, Teryn alimfuata Wayne nyumbani kwake. Alimwambia zile nyayo ni zake yeye, kwamba baba yake hakuwahi kufika pale. Wayne alitazama miguu yake, akatazama barabara kuona nani anapita.

"Nyayo ni namba kumi na moja, binti. Nenda nyumbani, baridi."

"Na zile zilizoishia nusu njia ni namba ngapi?"

Wayne alifunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Orest alimkuta barabarani, akampakia kwenye pikapu. Aliongeza moto wa hita.

"Ulijua?" Teryn aliuliza.

"Jozi tatu za soksi umeziacha ndani, Teryn. Asubuhi navaa buti, nikadhani vidole vimezaana."

"Mbona hukuwaambia ni mimi?"

"Waliuliza buti za nani."

Teryn alimtazama kwa pembeni. "Unataka nini sasa?"

"Nataka uvae buti zako. Hizo zangu zitakuvunja mguu."

Alhamisi alivaa zake. Orest aliegesha pikapu mbele kabisa ya mlango, chini ya taa, injini ikinguruma, ili asiwepo wa kubahatisha. Wazee walikuja kusoma Ijumaa asubuhi. Walikuta nyayo ndogo kando ya zile kubwa, wakakubaliana kwamba sasa ni familia nzima.

Mwezi wa nne theluji iliyeyuka mji mzima, nyayo zikabaki nyeupe juu ya majani. Julai, Cody na Teryn walikuwa wakipozea soda ndani ya nyayo za Orest, ambazo zilizama zaidi kuliko zote. Wayne akipita alivuka barabara. Kamati ilikutana, ikapandisha bei ya chipsi, na kuhusu mengine ikasema inasubiri zifutike.

Oktoba maji yalimwagwa uwanjani yakaganda. Jumamosi ya kwanza Orest alilainisha barafu mpaka ikang'aa, akaitoa mashine, akaegemea ubao wa ukingo wa uwanja. Watoto waliingia mmoja mmoja na kocha mpya. Orest alisimama pale akimtazama mtu mwingine akiwafundisha namna ya kuanguka.