Kope za Otto

Tangu asubuhi Verna Tscharke hakuweza kutulia. Alimchana mbwa wake Otto manyoya, akamaliza, akaanza upya. Alikwenda bombani kuchota maji na ndoo bado imejaa. Joto la Februari lilikuwa limeuelemea uwanja wa mashindano ya mbwa mjini Strathalbyn, na mbwa wenye manyoya mengi walihema ndimi nje. Otto, mbwa wa aina ya chau-chau, mwekundu kama kutu, alijilaza kwenye kivuli cha gari bila wasiwasi wowote.

Mbwa huyo alizaliwa na kope zilizojikunja kwa ndani, zikimkwaruza mboni. Alipofikisha miezi saba daktari wa mifugo alimpasua, akazinyoosha. Akamwambia Verna kwamba ameyaokoa macho ya mbwa wake, lakini asimpeleke mashindanoni wala asimpandishe, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa. Verna aliitikia. Mwaka uliofuata Otto akawa bingwa wa jimbo.

Saa nne mwamuzi alimpapasa mbwa mweupe wa Colin Duffield, jirani yake Verna wa miaka mingi, na kiganja kikatoka kimejaa chaki iliyopakwa kuzidisha weupe, jambo lililokatazwa. Colin alitolewa ulingoni mbele ya watu. Wengi walicheka. Verna naye alicheka, kwa kuogopa kuonekana hacheki.

Otto akashinda tena. Utepe wa samawati wa ushindi ukiwa bado mkononi mwa Verna, akaja Imogen Radley, binti aliyemleta jike lake lipandwe na Otto majira ya baridi yaliyopita. Kifuani alikuwa amembeba mtoto wa mbwa aliyefumba macho, machozi yanamchuruzika. Watatu kati ya watano wako hivi, alieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa amekuja kuomba radhi.

"Nimekuharibia jina, mama. Macho ya Otto ni safi, kila mtu anayaona, kwa hiyo ubaya umetoka kwa jike langu. Jumatatu namfunga kizazi. Ndiye wa mwisho wa ukoo alioufuga baba."

Kunyamaza tu kungetosha. Verna alifumbua mdomo aseme pole, akajisikia akisema mengine.

"Usimguse jike lako. Ni Otto. Alipasuliwa kope akiwa mdogo, nikaficha."

Imogen alimhamishia mtoto begani.

"Nilikuuliza," alisema. "Jikoni kwako, nilikuuliza kama ana tatizo lolote."

"Uliniuliza."

Binti aliondoka bila kuaga. Verna alikwenda moja kwa moja hadi meza ya kamati, akauweka utepe, akaeleza yote kabla miguu haijamgeuza. Colin alikuwa palepale akijaza fomu ya kosa lake. Hakuinua kichwa.

"Yangu ilikuwa chaki, Verna. Inatoka kwa maji."

Kamati ilimfungia Verna mashindano kwa miaka mitano na kumvua Otto ubingwa. Aliyefungwa kizazi akawa Otto. Wale watoto watatu Verna aliwapeleka mwenyewe kwa daktari yuleyule, mmoja mmoja, na kila mara Imogen alikuja kumchukua, akabaki ndani ya gari lake barabarani mbele ya nyumba ya Verna, injini ikiwaka, akingoja arudishiwe mtoto dirishani. Mara ya tatu alishusha kioo zaidi kidogo.

"Huyu anaona," alisema, akaondoa gari.

Verna alibaki amesimama kando ya barabara, hajui aingie nyumbani au la.