Futi Kumi na Moja

Verlene Stribling alikuwa ameishika kofia ya zambarau juu ya mvuke wa birika, akiuvuta ukingo wake taratibu kwa vidole gumba, ukuta wa kushoto uliposogea ndani shubiri moja. Hakuinua macho. Sufu ikishapata mvuke haimsubiri mtu.

"Amefika," alisema Claudine Mabry, jirani na mteja wake.

Nje, Bwana Haskell, mthamini wa majengo aliyetumwa na benki, alikuwa anafunga mlango wa gari lake.

Duka la Verlene, katika Orange Mound, mtaa wa watu weusi mjini Memphis, Marekani, lilikuwa na upana wa futi ishirini na nne. Alilipima mwenyewe kwa utepe wa kushonea mwaka aliohamia, na kila Januari alilipima tena. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona humo kofia za kanisani, na majuma ya kabla ya Pasaka foleni ilifika kwa kinyozi. Sasa mwenye jengo alikuwa anauza. Benki ilikubali kumkopesha Verlene alinunue, ilimradi mthamini aridhike na ukubwa wake. Asiponunua kabla ya mwisho wa Machi, lingebomolewa liwe maegesho ya magari.

Bwana Haskell alikuja mara ya kwanza Februari. Alipoingia, kuta zilisogeleana, kama zilivyofanya nyumbani kwa Claudine alipopimiwa, na katika saluni ya jirani. Alipata futi kumi na moja, akaandika, akaaga vizuri. Alipoondoka kuta zilirudi mahali pake, na Verlene akafagia vumbi la chokaa.

Aliomba kipimo cha pili. Watu walimshauri kama ilivyo desturi: ashushe picha za familia, amwombe yule mama wa Kizungu wa posta asimame kaunta, na yeye akakae kanisani mpaka mthamini aondoke. Waliofanya hivyo, kuta zao hazikusogea. Verlene alilifikiria siku tatu. Mwishowe alisema picha ya mama yake imetundikwa pale tangu siku ya kwanza, na hajui angeiweka wapi.

"Basi tutakuja sisi," alisema Mama Ozella Pettigrew, mwenye umri wa miaka themanini na minne na kofia arobaini na moja, zote za Verlene.

Ndiyo maana alasiri hiyo wanawake tisa, wateja wake, walikuwa wamesimama mstari mmoja, ukuta hadi ukuta, kila mmoja na kofia yake kichwani. Kofia ya mwanamke haiguswi. Hata wakikumbatiana hupindisha shingo, na kati ya ukingo na ukingo huachwa nafasi ya kiganja. Kofia tisa zililijaza duka.

Bwana Haskell aliingia, akasalimu. Ukuta wa kushoto ulisogea tena, ukafika unywele mmoja kutoka kwenye kofia ya Mama Ozella.

"Wewe," Mama Ozella aliuambia bila kugeuka. "Umewahi kuniona nikimruhusu mtu kuigusa hii?"

Ukuta ukasimama.

"Huo wenu umelelewa," alisema Claudine kutoka upande wa kulia. "Huu wangu unanihemea shingoni."

"Uambie una mume," alisema Mama Ozella.

"Nikiuambia hivyo ndio utakuja mbio."

Wanawake walicheka bila kutikisa vichwa.

Bwana Haskell aliomba radhi, akapita nyuma yao, akaegemeza kipimio chake cha mwanga ukutani. Nukta nyekundu ilitokea ukuta wa pili.

"Ishirini na mbili na nusu," Claudine alisoma kwa sauti.

Bwana Haskell alikigonga kipimio kiganjani, akapima tena. Namba ilikuwa ile ile. Akasogea katikati ya duka, akaifunua karatasi ya Februari.

"Kifaa hiki kimezeeka," alisema kwa upole. "Sitaki kukuletea usumbufu, bibi. Tubaki na ile namba ya kwanza."

Akaandika kumi na moja.

"Kutoka ukuta ule," Verlene alimuuliza, "hapo umesimama futi ya ngapi?"

Alikuwa amesimama futi ya kumi na tano. Aliangalia viatu vyake.

"Mke wangu angezipenda sana kofia hizi," alisema, akatoka.

Kuta zilirudi. Hakuna aliyeondoka. Mama Ozella alifika mezani.

"Ya Pasaka nataka ya kijani. Kijani cha majani machanga, si cha chupa."

"Mama, Pasaka ni katikati ya Aprili. Mwezi huu unaisha wiki ijayo."

"Sikukuuliza tarehe, mwanangu. Nimekutajia rangi."

Verlene aliandika: kijani, majani machanga. Nyuma yake Claudine alitaka ya manjano, yenye unyoya. Walipomaliza wote tisa ilikuwa saa kumi na moja, na sufu ya zambarau ilikuwa imepoa, ukingo wake umeinuka upande mmoja tu. Aliirudisha kwenye kalibu ya mbao, akaifunga uzi isirudi nyuma, akazima birika. Upande wa pili angeuvuta asubuhi.