Pete Yenye Sikio

Jumanne, saa nne asubuhi, fundi bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni katika nyumba ya watu, miguu nje, kichwa katikati ya chupa za sabuni na mfuko wa vitunguu. Tone lilijikusanya kwenye kiungo cha bomba, likaning'inia kidogo, likamdondokea mdomoni. Alilionja kwa kuwa lilikuwa limeshafika. Lilikuwa la chumvi.

Hakushangaa. Katika miaka kumi na minane ya kazi alikuwa amekuta kwenye mabomba ya watu pete za ndoa, meno ya bandia na, mara moja, chura aliyekataa kutoka mpaka aombwe radhi. Chumvi si kitu. Kilichomuuma ni kwamba hii ilikuwa mara ya tatu anaitwa kwa ajili ya kiungo kilekile.

Mafundi wenzake walimwita Harudi. Waliompenda walisema ni kwa sababu akishafunga kiungo, hakuna haja ya kumwita tena. Wasiompenda walisema sababu ni nyingine, maana mafundi wasiorudi hawana idadi. Yeye alishika ile maana ya kwanza na kutembea nayo kifua mbele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa miaka yote hiyo na viungo vyake vikabaki vikavu, mpaka alipofika nyumba hii.

Mara ya kwanza alitumia koleo lake la zamani na pete ya shaba. Wiki haikuisha, akaitwa. Mara ya pili alitoa kipimo, kile kibati bapa chenye pengo ambacho fundi hukipitisha juu ya pete: ikipita, imebanwa sawasawa, ikikwama, bado. Pete ikakwama. Akajua koleo limezeeka, mataya yamelika, na kwamba zana ikikuzeekea mkononi huwa ya mwisho kukuambia. Alibadilisha pete, akaibana kwa nguvu zake zote, akaondoka na wasiwasi. Siku tatu baadaye akaitwa tena. Safari hiyo hakwenda moja kwa moja. Alipitia dukani kwa Mama Nati.

Mama Nati aliuza vifaa vya ujenzi, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kupigia timazi.

"Unabana wapi?" aliuliza kabla hata ya salamu kuisha.

"Chini ya sinki. Nyuma ni ukuta mtupu, unaingia mkono mmoja tu."

"Basi haya ya mataya ya kubadilisha yaache. Ni mazuri, hayana neno, lakini mikono yake mirefu, utaitanulia wapi? Halafu kila saizi ya bomba na taya lake. Ukisahau moja nyumbani, kazi imekwisha." Akatoa jingine, fupi, lenye mdomo mwembamba. "Chukua hili la pete za chuma. Unaiona pete ina sikio? Hubani pete, unabana sikio. Nusu inchi, robo tatu, inchi nzima, koleo ni hilihili."

"Halilegezi?"

"Likianza kubana haliachii mpaka limalize. Kama mama mkwe." Alilifungua na kulifunga mara mbili, likatoa mlio mkavu. "Ila hapa ubavuni pana skrubu ndogo. Ukiona umekosea katikati, ifungue, litaachia. Pete ndiyo itakuwa imeharibika, uitupe."

Kwa hiyo Jumanne hiyo fundi alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alikata bomba kwa kisu kikali, sawasawa, bila kuliacha na mdomo wa upande. Alivisha pete, akasukuma bomba kwenye kiungo mpaka likagota, akairudisha pete karibu na ncha, akaacha upana wa nusu ukucha. Akabana sikio. Koleo likalia tak, likaachia lenyewe. Akapitisha kipimo, kikapita bila kugusa. Hapo ndipo tone la chumvi lilipomdondokea mdomoni.

Alitoka, akafunga koki kubwa ya nje. Akafungulia mabomba yote ya nyumba mpaka yakakohoa hewa. Aliporudi chini ya sinki, kiungo kilikuwa bado kinadondoka. Akapanda kwenye tangi, akachota kwa kiganja, akanywa. Maji matamu kabisa. Akarudi, akakishika kiungo. Kilikuwa cha vuguvugu, ingawa bomba lenyewe lilikuwa la maji baridi.

Akatulia kusikiliza, kwa sababu bomba lina tabia zake na fundi mwenye haraka hazijui. Akagundua kwamba matone hayakufuata saa. Yalifuata sauti.

"Dada!" mwenye nyumba aliita kutoka sebuleni, ambako alikuwa akifanya kazi za ofisini na kompyuta mapajani. Tone likaanguka.

"Dada, chaja yangu umeiweka wapi?" Tone.

"Dada, hebu mwone fundi kama amemaliza." Matone mawili.

"Abee," aliitika Dada, akaingia jikoni.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono iliyochakazwa na sabuni. Fundi alimfahamu tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyemfungulia geti, ndiye aliyemwonyesha panapovuja, ndiye aliyepiga deki baada yake. Alilala chumba cha nyuma kando ya stoo, na alikula wenzake wakishaondoka mezani. Fundi alimwita dada kama anavyowaita dada wa kazi wote wa nyumba zote, huku macho yakiwa kwenye bomba na mkono umenyooshwa kupokea tambara.

Mtoto wa mwenye nyumba, msichana mwenye sare ya shule ya msingi aliyekuja nyumbani mapumziko ya saa nne, alipita mlangoni. "Dada, nataka maji." Tone likaanguka. Dada akampa maji.

"Dada," fundi alimwuliza mtoto alipoondoka, "una muda gani kwenye kazi hii?"

"Kazi ipi?"

"Hii ya hapa."

"Mimi sijaajiriwa, fundi. Hapa ni kwetu. Huyo anayeniita kutoka sebuleni ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimembeba mgongoni."

Fundi aliinuka kwa ghafla akajigonga kwenye sinki. Aliona aibu, tena ile aibu inayopanda mpaka masikioni. Mara tatu ameingia nyumba hii, na mara tatu amempa mwenye kwao tambara lichafu bila kumtazama usoni.

"Mbona watoto wanakuita dada? Wewe si mama yao mkubwa?"

"Wanamsikia mama yao."

Alichuchumaa kando ya kabati, akamweleza huku akipanga upya chupa za sabuni, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu. Mama aliyemzaa yeye na wadogo zake alifariki yeye akiwa na miaka ishirini na mmoja, begi lake likiwa limeshafungwa kwenda chuo cha uuguzi. Siku ya maziko mashangazi walimvuta pembeni wakamwambia, jikaze, wadogo zako wanakutazama wewe. Akajikaza. Aliporudi nyumbani alitoa nguo zake kwenye begi, akaweka sare za wadogo zake. Siku ile hakulia, na tangu siku ile hajalia, imetimia miaka ishirini na mitatu. Wadogo walikua, wakasoma, wakatawanyika. Huyu wa mwisho akabaki na nyumba, na Dada akiwa ndani yake. Jina walilomwita halikubadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni sauti ya kuliitia.

"Mwezi uliopita alikuja mgeni," alisema. "Akaonja mchuzi wangu, akamwuliza mdogo wangu, huyu dada mzuri hivi mmempata wapi? Mdogo wangu akacheka, akasema, tuna bahati tu."

"Hakumsahihisha?"

"Hakumsahihisha. Na mimi nilikuwa nimeshika bakuli." Akakitazama kiungo. "Jioni ileile hapo pakaanza kuvuja. Maji ni yangu, fundi. Nilidhani unajua, maana mabomba ndiyo kazi yako."

Fundi alikiri kwamba hakujua.

Mwenye nyumba aliingia, miwani kichwani, simu mkononi. Hakuwa mtu mbaya wa kufoka. Alikuwa mtu mwenye mambo mengi. "Fundi, usipoziba ufa utajenga ukuta, mwenyewe unajua. Jumamosi nina wageni, sitaki kuwaona wakiruka dimbwi. Ikaze bwana. Weka hata pete mbili."

"Sawa, mama," fundi alijibu, na mwenye nyumba akarudi kwenye kompyuta yake.

Alijibu hivyo kwa sababu mdomo wa fundi umezoea kujibu hivyo, na kwa sababu jina la miaka kumi na minane si kitu cha kutupa jalalani. Akakata kipande cha bomba chenye ile pete ya awali, akavisha pete mbili mpya badala ya moja, akalala chali. Pete ya kwanza ikalia tak. Akaweka mdomo wa koleo kwenye sikio la pete ya pili, akaanza kubana taratibu. Matone yakapungua. Alihisi kiganjani kwamba safari hii kiungo kimekubali, na moyo wake ukaanza kufurahi bila kumwomba ruhusa.

"Fundi," Dada alisema kando ya miguu yake, "ukiikaza hiyo, mimi nitalilia wapi?"

Hakusema kwa kulalamika. Aliuliza kama mtu anayeuliza ufunguo utaachwa wapi. Lakini sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, na fundi alipogeuza shingo alimwona ameweka mkono kooni. Akajaribu kulegeza. Koleo halikuachia. Lilikuwa limefika nusu, na kwa desturi yake lilingoja amalize. Kiungo kilikuwa kimekauka. Dada alifungua mdomo kusema neno jingine, hewa ikaingia kidogo, neno halikutoka.

Fundi akapapasa ubavuni mwa koleo, akaikosa skrubu, akapapasa tena, akaipata. Bisibisi ilikuwa mbali, akatumia ukucha. Ukucha ukapasuka. Akazungusha hivyohivyo, damu ikimtambaa kidoleni, mpaka koleo likaachia. Pete ikabaki imepindika, haina kazi tena. Tone likajikusanya, likaanguka, na jingine nyuma yake, na Dada akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaomba samahani kwa kukohoa.

"Hapana, mama mkubwa," fundi alisema. "Samahani iwe yangu."

Alifuta zana zake moja moja, akaenda sebuleni kueleza, kama inavyompasa fundi anayeacha kiungo kinavuja.

"Kimekushinda?" mwenye nyumba aliuliza.

"Hakijanishinda, mama. Nimekiacha. Maji yale hayatoki kwenye tangi. Ni machozi ya dada yako. Ana miaka ishirini na mitatu hajalia."

Mwenye nyumba aliweka kompyuta chini, akaenda jikoni, akainama. Akakinga tone kwa kidole, akalionja. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo.

"Ni yake kweli. Nayakumbuka. Nilipougua surua alinilalia shavuni usiku kucha, yakawa yananiingia mdomoni."

Fundi akangoja. Aliamini kabisa kwamba sasa kitu kitasemwa. Dada naye, aliyesimama kando ya jiko, alingoja, na kiungo kikanyamaza.

"Yanaozesha mbao?" mwenye nyumba aliuliza, akinyooka.

"Kabati litaoza, polepole. Lakini, mama, hilo si la kabati. Mngekaa naye chini, mzungumze. Hata watoto wakijua tu kwamba..."

"Fundi." Alisema kwa upole. "Huyu ni damu yangu. Damu ni nzito kuliko maji. Hakuna aliyewahi kumlazimisha kukaa hapa, mwulize mwenyewe." Hakungoja aulizwe. Alikuwa ameshageuka, simu yake inaita. "Tutaweka ndoo. Dada! Tafuta ndoo uweke hapo chini."

"Abee," alisema Dada, akaenda kuitafuta.

Mlangoni fundi aliaga. "Kwaheri, dada," alisema, na alilitamka neno hilo kama mtu anavyomwaga dada yake stendi. Dada akatabasamu, akafunga geti.

Mafundi wenzake waliposikia kwamba Harudi amerudi mara tatu na kuacha panavuja, walicheka wiki nzima. Aliwaacha wacheke. Ilimuuma kidogo kuliko alivyotarajia. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameyasema yote, kwa maneno mepesi, mchana kweupe, na yalikuwa yamesikika.

Jumamosi wageni walifika, saba. Walikula, wakasifu mchuzi. Katikati ya mazungumzo mmoja wao akatega sikio, akauliza ni nini kile kinachodondoka jikoni. Mwenye nyumba akasema ni Dada. Wageni wakaitikia kwa vichwa, kwa kuelewa, maana wawili kati yao hata kwao ndoo ilikuwepo, na mmoja akasema cha muhimu ni kuchagua yenye mfuniko, vinginevyo inarushia ukuta.

Baadaye kidogo mlio ulibadilika, ukawa wa maji yanayoangukia maji.

"Dada," mwenye nyumba aliita kutoka mezani, "imejaa."

"Abee," aliitika Dada. Akaiinua kwa mikono miwili, akaibeba polepole kupita nyuma ya viti vya wageni, akaenda kuimwaga nje. Kisha akarudi na dekio, akafuta pale ilipomwagikia sakafuni.