Mbuzi wa Asumani Wakipanda Meli

Mama mkwe wangu, Mama Micheline, ana methali moja anayoipenda kuliko zote: akiba haiozi. Aliyeitunga, naapa, hakuwahi kuweka kwanga mia tatu jikoni siku saba.

Sisi tunapika kwanga, mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani, huko mtaani Mangobo, na wateja wetu ni abiria wa meli zinazoshuka mto kwenda Kinshasa. Nahodha akisema anaondoka Jumatatu, Mama Micheline alikuwa anapika Jumapili. Jumatatu meli haiondoki. Jumanne haiondoki. Ikija kuondoka Ijumaa, kwanga zimechacha, na nguruwe wa jirani wananenepa kwa jasho letu. Mwezi uliopita tuliziuza hivyo hivyo. Abiria walilalamika, na Papa Faustin, msimamizi wa meli, akaja mwenyewe nyumbani.

"Mama, minakuheshimia," alisema. "Lakini mukiniletea tena ya kuchacha, ao mukichelewa, nitatafuta wamama wengine. C'est fini."

Meli ya Papa Faustin ndiyo inayotulisha. Niliingia jikoni nikalia, halafu nikakasirika, maana hasira hunisaidia kuliko machozi.

Kesho yake nilishuka bandarini, nikakaa kutwa nikitazama watu wanavyopakia. Mchele ulipanda, mahindi yalipanda, bidoni za mawese zilipanda. Mbuzi tu ndio walibaki ufukweni wakitafuna maganda. Nikamuuliza mwenye mbuzi, Asumani, kwa nini hapakii.

"Mbuzi anakula kila siku," alinijibu akicheka. "Nimupakie leo, nimulishe mu bateau siku tano bure? Mi nangojea gazole, mafuta ya mashine. Gazole ikiingia, njo napandisha mbuzi. Capitaine anadanganya watu, lakini bila gazole atafika wapi?"

Nilimpa namba yangu ya simu palepale.

Mihogo lazima ilowekwe siku tatu, nne. Hapo hakuna njia ya mkato. Lakini unga wake mbichi, ukishakamuliwa vizuri, hukaa siku nyingi bila kuharibika. Kinachooza ni kwanga iliyoiva ikamngoja mtu. Basi nikamwambia Mama Micheline tuloweke, tuponde, tukamue, tuoshe majani ya kufungia, halafu tukae. Moto tutawasha Asumani akipiga simu.

"Tukae?" alishangaa. "Mutu wa biashara anakaa?"

"Mama, uniachie mara moja tu. Bateau ikienda bila kwanga yetu, sitasema tena kitu mu jiko yako."

"Weye, Josée, unyamaze? Bon. Ile nataka niione."

Nadhani alikubali kwa tamaa ya zawadi hiyo tu.

Nahodha alitangaza Jumatano. Jumanne jirani yetu, Mama Benie, anayeuza kwanga kama sisi, alipika masufuria mawili, na moshi wake ukaja kutucheka hadi uani. Mama Micheline hakutulia: mara mlangoni, mara kwenye majani, mara anipige jicho. Jumatano meli haikuondoka. Alhamisi vilevile. Jumamosi saa mbili asubuhi simu ikalia, na kabla Asumani hajasema neno nilisikia mbuzi wanavyolia.

"Wanapanda!" nilipiga kelele. Tukawasha moto.

Hatujafunga hata kwanga kumi, Papa Faustin naye akapiga. "Josée, tunaondoka midi, saa sita, hapana jioni kama siku zote. Muko tayari?"

Nilisema ndiyo, halafu nikakaa chini. Kwanga zetu ni nene kama mkono. Ndani ya sufuria zinataka saa nne nzima, na saa nne hatukuwa nazo. Niliogopa kweli. Niliona meli inakwenda na kazi yetu yote inakwenda nayo.

Mama Micheline alinitazama, akashika kisu. "Simama! Tunakata mbili mbili. Ya kidogo inaiva mbio."

Tulifunga mpaka vidole vikauma. Akaanza kuimba, nami nikaitikia, na kabla ya saa sita pikipiki mbili zilishuka bandarini na mabeseni yetu yakifuka mvuke.

"Mbona kidogo?" aliuliza Papa Faustin.

Nilikuwa natafuta uongo, Mama Micheline akaniwahi. "Ya kubwa mutu anafungua, anakula nusu, ingine inakauka. Hii anafungua, anamaliza."

Papa Faustin alikula moja, akala ya pili. "Voyage ingine muniletee ya hivi hivi," alisema, na abiria wakatumalizia mabeseni.

Tulirudi kwa miguu tukicheka ovyo, na njaa inatuuma. Samaki alikuwepo nyumbani. Mama Micheline alifunua sufuria, akainamisha mabeseni.

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Miaka arobaini amepika kwanga, hajawahi kununua. Akajifunga kitenge, akaenda kwa Mama Benie, akarudi na tatu. Alifungua moja, akamega, akatafuna polepole. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka kwa kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Imechacha," alisema, mdomo umejaa. "Kumbe njo hii tulikuwa tunapatia watu!"